Baka Lililochomwa Kabla ya Kupimwa

Fundi cherehani wa kisa hiki nimemtunga, lakini hakufanya lolote ambalo halifanyiki Mbagala, Tandika, Tandale au Manzese wiki hii hii. Anashonea barazani Charambe, Mbagala, ana cherehani moja ya miguu na mazoea ya kukata uzi kwa meno. Ana pia kijaluba cha ugoro. Asubuhi akishakunywa chai huchota kwa ncha za vidole, akausukuma ugoro kati ya fizi na shavu la kushoto, ukakaa hapo mpaka mteja wa kwanza afike kulalamikia suruali yake. Alianza akiwa kijana. Sasa ana wajukuu.

Siku moja, akiwa anakata uzi, ulimi wake ukagusa kitu. Ndani ya shavu, pale pale ugoro unapokaa, ngozi ilikuwa imekakamaa kama kitambaa kilichotiwa wanga. Hapakuwa na maumivu. Usiku mkewe akammulika kwa tochi ya simu, akaona baka jeupe lenye upana wa kifungo cha koti. Akachukua kitambaa safi, akalifuta. Halikutoka. Akafuta tena kwa nguvu, halikutoka.

Kitambaa kile kilikuwa kimeshatoa nusu ya jibu, ila hakuna aliyekielewa. Utando wa fangasi, ule unaowapata watoto wachanga na watu ambao kinga ya mwili imeshuka, kwa kawaida ukifutwa hubanduka na kuacha wekundu chini yake. Baka lisilofutika, na ambalo daktari akichunguza haoni ugonjwa mwingine wa kulieleza, huitwa leukoplakia, jina lililotolewa mwaka 1877 na daktari wa ngozi wa Hungaria, Ernő Schwimmer. Leukoplakia si saratani, na mabaka mengi ya aina hiyo hayageuki saratani kamwe. Watafiti waliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali hawajakubaliana: wengine wamepata kwamba hugeuka kwa watu wanne hivi katika kila mia, wengine wamekaribia kumi. Hatari huongezeka baka likiwa pembeni mwa ulimi au chini yake, likiwa na uso wa kukwaruza na vinundu, au weupe wake ukichanganyika na wekundu. Kuna jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: baka la mtu asiyevuta wala kubwia tumbaku ndilo linalowatia madaktari wasiwasi zaidi, nalo halina kisababishi cha kuondoa.

Fundi yeye kisababishi alikuwa nacho mfukoni. Ugoro wetu huchanganywa na magadi, na magadi ndiyo yanayoifanya nikotini ipenye ngozi ya mdomo upesi, kichwa kikachangamka kabla hujahesabu hadi mia. Ndani ya tumbaku hiyo hiyo mna kemikali za jamii ya nitrosamini, nazo husababisha saratani. Wanaotafuna tambuu bila tumbaku wasijione wamesalimika. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2004 kwamba popoo ya tambuu peke yake, hata isipotiwa tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu.

Asubuhi yake mkewe akamwambia aende hospitali. Hakwenda. Sababu yake naijua, na kila mtu aliyekua Dar es Salaam miaka ya tisini anaijua. Weupe mdomoni mtaa ulishaupa maana yake zamani, tangu ugonjwa ule uwamalize watu nyumba kwa nyumba. Mzee wa heshima, anayesalisha msikitini imamu akisafiri, aonekane kwenye foleni akiwa ameshika shavu? Akanunua dawa ya zambarau dukani, akapaka. Akaongeza nistatini, dawa ya fangasi. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Meno yakawa ya zambarau na baka likabaki jeupe. Aibu hii imechelewesha watu wengi, na inauma zaidi kwa kuwa haina msingi. Weupe unaohusiana na virusi vya UKIMWI upo, hukaa pembeni mwa ulimi ukiwa na mistari iliyosimama, lakini wenyewe haugeuki saratani. Baka la fundi lilikuwa la ugoro.

Mwishowe alikwenda hospitali ya Temeke kwa sababu jino lililovunjika lilikuwa linamkwaruza. Daktari wa meno alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alitazama jino, kisha akatazama shavu kwa muda mrefu kuliko jino. Akausaga ukingo mkali wa jino ili usiendelee kukwaruza, maana mkwaruzo nao huweza kuleta weupe. Akamwambia aache ugoro na arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi, baka lilikuwa pale pale, na ugoro nao ulikuwa haujaachwa.

"Baba, sasa inabidi tuchukue kinyama. Utapigwa ganzi, nitakata kipande kidogo kuliko haragwe, kiende maabara tujue ndani kuna nini."

"Kwa kisu, mwanangu?"

"Kisu kidogo tu, baba."

Fundi akasema atarudi Jumatatu. Hakurudi.

Hofu ya kisu si ujinga wake peke yake. Mitaani kwetu inasemwa, na watu wazima wanaapa kwa Mungu, kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Chanzo chake kinaeleweka. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali ugonjwa umeshakomaa. Wakikatwa kinyama, wiki chache baadaye hali inakuwa mbaya, kwa sababu ilikuwa mbaya tangu walipoingia mlangoni. Wafiwa wanakumbuka kisu, hawakumbuki miezi ya kupaka dawa ya zambarau. Kukata kipande kidogo cha baka la mdomoni kwa ajili ya kipimo ni kazi ya dakika chache, na hakuna njia nyingine ya uhakika ya kujua seli zilizo ndani zinafanya nini. Jicho la daktari bingwa halitoshi. Mabaka mawili yanayofanana kabisa, moja huwa limenenepa tu, jingine limeshaanza kuharibika chini.

Shemeji yake ndiye aliyeleta habari njema. "Shemeji, siku hizi hawakati. Wanapiga leza. Hakuna kisu wala damu, unaingia asubuhi, adhuhuri uko kwenye cherehani yako." Alikuwa ameona bango la kliniki upande wa Kinondoni. Wiki ile ilikuwa zamu ya mke wa fundi kupokea mchezo wa akina mama, na fedha iliyokuwa ya kuezeka jiko ikaenda kwenye leza.

Sitaki msomaji aondoke hapa akidhani leza ni utapeli. Ni tiba ya kweli, na ikitumika mahali pake ni nzuri sana. Leza inayotumika sana kwa kazi hii duniani ni ya kaboni dioksidi, iliyobuniwa na Kumar Patel katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1964. Mwanga wake hauonekani kwa macho, ndiyo maana mashine huwekewa nukta nyekundu ya kumwonyesha daktari anapolenga. Mwanga huo hunywewa na maji, na nyama ya mdomo imejaa maji. Maji yaliyo ndani ya seli huchemka papo hapo, seli ikageuka mvuke, na vishipa vidogo vya damu vikajifunga kwa joto. Ndiyo sababu damu ni kidogo na kidonda hakishonwi. Kinaachwa wazi kijifunike chenyewe, na katika wiki kadhaa ngozi mpya inatanda bila kovu la kuvuta shavu. Kwa baka pana, au lililo mahali pa kusumbua kama chini ya ulimi, daktari mwenye ujuzi anaweza kuona leza inafaa kuliko kisu. Na isichanganywe na mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, kama watu wengi wanavyochanganya. Mionzi ile hupenya ndani ya mwili kuua seli za saratani. Leza hii huunguza pale juu inapolenga tu.

Daktari ana njia mbili za kuitumia. Ya kwanza ni kukata: mwanga unazunguka baka pamoja na ukingo mdogo wa nyama nzima, baka linainuliwa likiwa kipande, linatiwa kwenye kichupa cha fomalini, linaandikwa jina na kupelekwa maabara. Ya pili ni kuchoma: mwanga unapitishwa juu ya baka, tabaka baada ya tabaka, mpaka lote liwe moshi. Njia ya pili ni halali pale ambapo kinyama kilishachukuliwa mapema na jibu linajulikana. Lakini moshi haupimwi. Ukichoma baka ambalo halijawahi kupimwa, umeunguza ugonjwa pamoja na ushahidi wake, na kama ndani kulikuwa na saratani changa, mizizi yake imebaki chini ya ngozi mpya inayong'aa.

Kliniki ile ilichoma. Fundi alivalishwa miwani, akapigwa ganzi, akasikia harufu ya nyama yake ikiungua na mlio wa mashine inayofyonza moshi. Aliambiwa, "Limekwisha, mzee wangu," akapewa dawa ya maumivu na dawa ya kusukutua. Hakuulizwa kama aliwahi kukatwa kinyama. Hakupewa tarehe ya kurudi. Mezani hapakuwa na kichupa.

Siku zilizofuata kidonda kilitanda utando wa manjano, akaogopa kwamba baka limerudi. Utando huo ni wa kawaida, ni sehemu ya kupona. Mwezi ulipoisha shavu lilikuwa laini na jekundu, na mkewe akimulika haoni kitu. Kukachinjwa kuku. Ugoro alikuwa ameuacha wakati wa kidonda, kwa sababu ulimchoma. Kidonda kilipopona akaurudia, na kwa busara yake mwenyewe akauhamishia shavu la kulia, ili la kushoto lipumzike.

Jambo la kliniki linanikera, ila hili la kuhamisha ugoro linanihuzunisha zaidi, kwa sababu lilionekana la maana kabisa. Alidhani ugonjwa ulikuwa lile baka. Kumbe ngozi yote ya mdomo wake ilikuwa imelowa tumbaku kwa zaidi ya miaka thelathini, na baka lilikuwa pale paliponyanyuka kwanza. Mabaka ya namna hii hurudi kwa watu wengi hata baada ya tiba nzuri, wakati mwingine pale pale, wakati mwingine upande wa pili. Mwaka 2016 watafiti wa mtandao wa Cochrane walipitia majaribio yote ya tiba za mabaka haya waliyoweza kuyapata. Hawakukuta ushahidi kwamba tiba yoyote inazuia saratani. Dawa za jamii ya vitamini A zilipunguza mabaka, kisha yakarudi. Upasuaji na leza havikuwa vimewahi kulinganishwa, katika jaribio la kuaminika, na watu ambao hawakutibiwa. Hiyo haina maana kwamba baka liachwe. Maana yake ni kwamba aliyetolewa baka, kwa kisu au kwa leza, bado ni mgonjwa wa kuangaliwa kila baada ya miezi michache, kwa miaka, na tumbaku ikiwa imekwisha maishani mwake.

Mwaka na nusu ukapita. Safari hii ulimi uligusa kidonda chenye ukingo mgumu. Jino la gego likaanza kulegea, akajua ni uzee. Kisha chini ya taya likatokea tezi, halisogei wala haliumi. Mkewe hakusubiri tena. Alimpeleka Temeke, wakaandikiwa rufaa, na kabla juma halijaisha wakawa hospitali ya Muhimbili mbele ya daktari bingwa wa kinywa na taya.

Daktari alisikiliza habari yote tangu mwanzo, akiandika. Aliposikia leza akainua kalamu.

"Lilipochomwa, mama, nyama ilipelekwa maabara gani?"

Mke wa fundi akamtazama mumewe. Mumewe akatazama sakafu.

"Hatukupewa nyama, daktari. Walisema limekwisha."

Kwa hiyo hakuna anayejua, wala hatakuwapo wa kujua, kama saratani iliyokutwa Muhimbili ilikuwamo ndani ya lile baka siku ya leza au ilizaliwa baadaye. Kama ilikuwamo, kipande kidogo kuliko haragwe kingeisema ikiwa bado haijafika kwenye tezi za shingo, na upasuaji mmoja mdogo huenda ungetosha. Kama haikuwamo, jibu lingesema seli zimebadilika kidogo au sana, na mtu anayejua kwamba seli zake zimebadilika sana angekuwa na sababu nzito ya kuutupa ugoro.

Jibu la maabara ni la mwenye mdomo. Nasema hivi kwa sababu lipo kosa jingine, nalo hufanywa na wenye mapenzi mema. Mwaka 1923 Sigmund Freud, daktari maarufu wa Vienna aliyevuta sigara kubwa karibu ishirini kwa siku, aliona uvimbe katika kaakaa na taya lake, akakaa nao wiki kadhaa bila kusema, naye mwenyewe aliudhania kuwa leukoplakia. Ulikatwa na daktari Marcus Hajek, damu ikamtoka nusura afe. Kipimo kilionyesha saratani, lakini madaktari wake wakaona ni afadhali asiambiwe. Baadaye mwaka huo huo alikwenda kwa daktari Hans Pichler, aliyemtoa sehemu kubwa ya taya la juu, na kwa miaka 16 iliyofuata alipasuliwa zaidi ya mara thelathini, akiishi na taya la bandia lililomtesa kula na kusema. Sigara hakuacha. Alifariki London mwezi Septemba 1939. Mtu aliyetumia maisha yake kuwahimiza wengine wasizifunike habari za mioyo yao, habari ya mdomo wake mwenyewe alifunikiwa.

Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Watoto wa fundi walimvuta daktari pembeni kwenye korido: "Mzee asiambiwe, presha yake itapanda." Daktari akakataa kwa upole, na alifanya vyema. Mzee asiyejua ana nini atakubalije kung'olewa meno mabovu kabla ya mionzi? Maana hung'olewa kabla, kwa sababu taya lililokwisha kupigwa mionzi likijeruhiwa hupona kwa shida, na linaweza kuoza. Atakubalije kwenda Ocean Road siku baada ya siku kwa wiki kadhaa, mdomo ukikauka mate na uji ukipita kwa taabu? Taasisi ya Saratani Ocean Road iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, katika majengo ya hospitali iliyoachwa na Wajerumani, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa pekee nchini yenye mionzi. Foleni yake ina watu wa Kigoma na Mtwara. Fundi aliifikia kwa daladala mbili kutoka Mbagala, na hata hivyo alikuwa amechelewa.

Alifanyiwa upasuaji wa shavu na shingo, kisha mionzi. Yuko hai. Mdomo wake haufunguki vizuri, kwa hiyo uzi anaukata kwa mkasi, na wateja wapya humwomba arudie alichosema.

Aliyejifunza haraka kuliko wote ni fundi viatu wa baraza la pili, aliyekuwa akiazima ugoro kwenye kijaluba kile kile. Aliposikia habari ya Muhimbili alisimama nyuma ya kibanda chake na kioo kidogo na tochi ya simu. Akavuta mdomo wa chini, akageuza mashavu yote mawili, akautoa ulimi na kuushika kwa kitambaa ili aone pembe zake, akauinua atazame chini, mwisho akaangalia kaakaa. Kwenye fizi ya chini, mbele, alikuta weupe wenye mikunjo. Aliufuta, haukutoka. Akaenda Temeke kesho yake, na hakupitia duka la dawa.

Kabla hajakaa kwenye kiti alimwambia yule daktari binti, "Mwanangu, mimi sitaki kuchomwa wala kukatwa chochote mpaka nijue kitapelekwa wapi kupimwa, jibu litatoka lini, na nani atanisomea."

"Baba, kwanza tuutupe huo ugoro," akajibiwa. Weupe wa ugoro, pale seli zinapokuwa hazijaharibika, mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache mtu akiacha. Wa kwake ulipungua, ukabaki ukanda mwembamba. Ukanda huo ukakatwa kinyama, kikatiwa kwenye kichupa mbele ya macho yake, naye akakisoma mwenyewe kuhakikisha jina ni lake. Jibu lilisema seli zimebadilika kidogo. Daktari alimweleza kwamba ukanda unaweza kutolewa kwa leza au kwa kisu, au ukaangaliwa kwanza, na wakakubaliana waangalie. Kwenye kadi yake ya kliniki pameandikwa tarehe ya kurudi, miezi mitatu mbele.